Mlinzi Aliyeishuku Nuru ya Kilimani

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mkaguzi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na mama, kwa sababu akitumwa chumvi aliionja kwanza mbele ya mwenye duka.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1972. Mwalimu alipochora dunia ya mviringo ubaoni, kaka aliuliza, "Mwalimu, wewe umeiona?" Viboko alipata, jibu hakupata.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa mlinzi wa jumba la makumbusho. Miaka minne baadaye yakaletwa maonyesho ya picha za mwanga na mandhari. Picha moja ilikuwa ya kilima cheusi, na ukingoni uzi mwembamba wa nuru ya dhahabu. Kaka hakuiamini hata kidogo. Alichungulia nyuma ya fremu akitafuta balbu. Alipoikosa, akawa anawanong'oneza wageni, "Msidanganyike, kuna taa imefichwa nyuma ya kilima."

Mpiga picha, binti mmoja asiyependa utani, akamsikia.

"Kaka, unaniharibia jina. Twende ukaone mwenyewe."

"Na kama umeshatangulia kuiweka hiyo taa?"

"Haya, siku chagua wewe."

Alichagua siku, kisha akaibadilisha ghafla ili asiandaliwe. Walipanda alfajiri, yeye na tochi, akipekua kila kichaka. Akateleza, akavunjika ubavu. Akiwa chini hapo anaugulia maumivu, jua likachomoza, na uzi uleule ukapita ukingoni mwa kilima. Akaizima tochi. "Itabidi nije tena kuhakikisha," akasema.

Alihakikisha mara nyingi mno, hata sisi nyumbani tukaanza kumshuku yeye. Yeye na yule mpiga picha walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1986, wakajaliwa mabinti wawili. Lakini kupigwa picha alikataa katakata. Hata siku ya harusi alijificha nyuma ya mjomba mnene.

Mwaka 2022 kikohozi kilimshika. Picha ya kifua ilionyesha doa, naye akagoma dawa. "Wamechanganya. Hii ya mtu mwingine." Shemeji hakubishana naye. Aliibandika picha ile kwenye kioo cha dirisha, akaweka kidole palipoungia mfupa.

"Na ubavu huu ni wa nani, mume wangu?"

Kaka aliutazama sana. "Wangu," akasema, akaomba maji ya kumezea dawa.

Dawa zilimpa muda. Akiwa bado ana nguvu alimwambia mkewe, "Twende kilimani ukanipige picha, msije mkabishana kama nilikuwepo." Ndiyo picha mnayoiona mbele ya ratiba hii. Ilipokuja aliigeuza, akakagua nyuma, akatabasamu. "Hapa hakuna taa."

Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake anayewasomea haya.

Pumzika, kaka. Zamu yako imekwisha, na kila kitu kiko mahali pake.