Miandiko Saba ya Mwalimu Mwanalima Aboud

Assalamu alaykum, mama zangu, dada zangu, na nyote mliofika leo siku ya tatu ya matanga. Naitwa Swabra Abdulkadiri, marehemu ni shangazi yangu, dada wa baba, naye ndiye aliyenilea tangu mama yangu Kulthumu alipofariki mwaka 1999, mimi nikiwa na miaka mitatu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na humu yamo ambayo hata familia haijapata kuyasikia, kwa hiyo nikisita mahali naomba mnivumilie.

Mwalimu Mwanalima binti Aboud alizaliwa tarehe 12 Machi 1966 katika kisiwa cha Chovae, mtoto wa pili wa Mzee Aboud Fuadi, fundi wa mashua, na Bi Wardah. Alihitimu Kurani akiwa na miaka tisa, akapelekwa Kismayo kwa mjomba wake akasome skuli, akamaliza sekondari mwaka 1984, akasomea ualimu Mogadishu, na Septemba 1987 akarudi Kismayo kufundisha darasa la tatu. Tarehe 4 Mei 1989 aliolewa na Bakri Ilyas wa Fuma, wakajaaliwa watoto wawili, Mzamil mwaka 1990 na Zainab mwaka 1994.

Vita vilipoingia Kismayo mwaka 1991 alikimbia na mumewe, Mzamil akiwa mgongoni, wakapita Ras Kamboni na Kiunga hadi Mombasa, wakakaa kambini miaka sita. Huko mwalimu mmoja alimwazima riwaya iliyokwisha kusomwa na mtu asiyemjua, na mtu huyo alikuwa ameandika kwa penseli pembeni mwa kurasa, hapa anamkubali mtunzi, pale anamkatalia, shangazi akajikuta anabishana naye moyoni, mpaka akatafuta penseli na yeye akamjibu. Akasema siku ile ndipo alipojua kusoma, ingawa vyeti vya ualimu alikuwa navyo.

Kambi ilipofungwa mwaka 1997 walirudi Kismayo, mtaa wa Alanley, mumewe akafariki kwa malaria mwaka 2003, naye akaendelea kufundisha, na nyumbani kwake akaanzisha darasa la wasichana saba, riwaya moja, nakala saba zilizotoka Mombasa. Alitufundisha kupiga mstari chini ya neno linalokusimamisha, kuweka alama ya kuuliza usipoelewa, kuchora kijimstari cha mawimbi unapohisi mtu wa hadithini anadanganya, na mwisho wa kila sura kuandika pembeni jambo moja kwa maneno yako mwenyewe, si ya mwalimu. Mwanafunzi akirudisha kitabu kisafi alikuwa akikishika juu na kuuliza, "Haya, hapa amepita mchu au umepita upepo?" Mchu kwa lahaja yetu ya visiwani ni mtu. Tukicheka, naye anacheka, kisha anakurudisha ukasome tena.

Mwaka 2009 mji ukiwa mikononi mwa watu wenye silaha, madarasa ya namna hii yalikatazwa, wazazi wakaogopa, lakini sisi saba tuliendelea, wenzangu sita wakija baada ya adhuhuri, mmoja mmoja, kila mmoja na kitana mkononi, akiulizwa aseme anakwenda kusukwa. Shangazi alituwekea sharti jipya, tusiandike jina la mtu wala la mji, tusilinganishe ya kitabuni na ya nje, tuyaweke kichwani tu mpaka Mungu alete faraja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilimsikia vizuri, na bado, pale katika riwaya mtawala anapowakataza watu kuuliza jamaa zao wamepelekwa wapi, niliandika pembeni: "Ni kama hawa wetu."

Jumatano, tarehe 9 Machi 2011, baada ya alasiri, watu watatu waliingia nyumbani. Wenzangu walikwisha kuondoka, nilikuwa chumbani peke yangu nyuma ya pazia, na vitabu vyote saba vilikuwa juu ya meza. Mmoja wao alijua kusoma Kiswahili, akaketi, akafungua cha kwanza, cha pili, akafika cha tano, na hicho kilikuwa changu. Nilimsikia akiyasoma yale maneno yangu kwa sauti, polepole, kisha akauliza:

"Nani ameandika haya?"

"Mimi," shangazi alijibu.

"Na haya mengine?"

"Yote ni yangu."

"Mama, hii ni miandiko saba. Unanifanya mtoto?"

"Mimi ni mwalimu. Niletee kalamu."

Akaletewa kalamu na karatasi, akaambiwa aanze na maneno ya kitabu cha tano. Mama zangu, kila mwandiko wa darasa lile ni yeye aliyeusahihisha tangu tukiandika herufi za kwanza, alijua nani anainamisha herufi, nani anasahau nukta, nani anabana maneno, akayaandika yale maneno yangu kwa mkono wangu, akaendelea na ya wenzangu mmoja baada ya mwingine, mpaka wa saba, na mle chumbani nilisikia kalamu tu ikikwaruza. Yule mtu alilinganisha muda mrefu. Kisha akasema, "Basi simama, twende."

Sikutoka nyuma ya pazia. Hilo ndilo ambalo familia haijapata kulisikia, watu wote waliambiwa kwamba maneno yale yalikuwa yake, nami nikaacha iaminike hivyo miaka yote hii. Vitabu vilichomwa uani, shangazi alizuiliwa siku kumi na tisa, akarudi vidole viwili vya mkono wa kulia vimevunjwa, na hakuwahi kuniuliza kitu.

Mji ulipobadilika mwishoni mwa mwaka 2012 alifungua darasa mlango wazi, Mzamil akamletea vitabu vipya, akafundisha mpaka Juni 2022, figo zilipoanza kumsumbua. Agosti 2024 tulimleta hapa Mombasa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mwezi wa Disemba, siku moja mimi na yeye tuko peke yetu wodini, nilimwambia kwamba nilikuwa chumbani, na kwamba yale maneno ni yangu.

"Najua," alisema. "Nilikuwa naomba usitoke."

Nikamwambia niliogopa. Akanishika mkono, akasema, "Na mimi niliogopa, mwanangu. Niliogopa mno."

Alifariki Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa nne asubuhi, akazikwa siku hiyohiyo baada ya alasiri. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, nami.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliotupikia siku tatu hizi, walimu wenzake waliosafiri kutoka Kismayo, na wale wenzangu sita, ambao wawili wao nawaona wamekaa pale mlangoni. Nilikuwa sijawaomba radhi kwa kuwatia hatarini, naomba leo, mbele ya watu wote.

Mola amsamehe makosa yake, ampanulie kaburi lake na amlaze mahali pema. Kwaheri, shangazi, pumzika, umechoka sana.