Kambi Nzima Njano

Karani wa kambi alikuwa amepakata laptopu mpya ndani ya Hiace ya Ngara. Theodosia, aliyekaa nyuma yake, alitega sikio bila aibu. Kwenye orodha, jina jeupe hupata mgao wa chakula. La njano husubiri uhakiki. Wiki hii kambi nzima ilikuwa njano.

"Nimeizima nikaiwasha, rangi ni ileile. Mimi nafuata kioo cha laptopu, mama," karani alimwambia abiria wa kando yake.

"Na wanangu wanakifuata na njaa yao," alijibu Josiane, mkimbizi wa Burundi. "Hebu fungua orodha ya wafanyakazi. Jina lako rangi gani?"

Karani akafungua. Njano.

"Aa, hapa kioo kimekosea."

Theodosia akauma kanga asicheke.

"Na kwetu je?" Josiane akauliza.

Hiace ikasimama. Karani akaifunga laptopu taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyeshiba.