Kiduara cha Vidoti

Benchi la nje ya karakana lilikuwa na miguu mitatu yake lenyewe na mmoja wa kuazima. Kila alasiri lilibeba watu wale wale: Bawaba, seremala aliyeliunda, Antena, fundi wa redio wa chumba cha pili, na Koma, aliyepanga herufi za risasi katika kiwanda cha kuchapa magazeti mpaka akastaafu. Siku hiyo walimpisha mpwa wa Bawaba, binti waliyemwita Vidoti kwa kuwa programu zake za kompyuta zilikuwa alama tupu. Saa kumi alikuwa na usaili katika ofisi ya hali ya hewa. Barua ilisema aeleze mstari mmoja wa programu yake kwa Kiswahili cha kueleweka na yeyote. Saa tisa ilishapita, na Kiswahili hicho hakijaonekana. Akaandika kwenye kipande cha ubao:

KUBWA ∘ WASTANI¨

— Haya, wajomba. Nina sanduku la wilaya. Ndani mna visanduku vya vituo, na ndani ya kila kisanduku mna mvua ya siku saba.

— Kama kabati langu, akasema Bawaba. Kabati, droo, misumari.

— Hapo hapo! Na vidoti hivi viwili vinasema: usilivamie kabati zima, fungua kila droo, upige wastani wake.

— Nimekupata. Na hicho kiduara?

— Kinaunga kazi mbili ziwe moja: KUBWA, yaani kuchagua iliyo kubwa kuliko zote, na WASTANI.

— Rahisi! Antena akadakia. Unachukua kubwa, halafu wastani.

— Hapana, mjomba Antena. Wastani kwanza. Inasomwa kutoka kulia.

— Kulia? Programu gani inatembea kinyumenyume kama kaa?

— Aliyeibuni lazima alikuwa mpanga herufi, Koma akatamka, kikombe mkononi. Sisi herufi tulizipanga kinyume, na magazeti yakasomeka. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Ngama inaingiaje hapa, mzee?

— Ngama ni tumbo la chombo cha baharini. Kompyuta si chombo?

— Mimi naona hicho kiduara ni kitundu, akasema Antena. Mvua inadondokea humo. Ndiyo maana redio ikitangaza mvua, jua linatuchoma!

— Kumbe! Na mimi huwa nakulaumu wewe kwa kuitengeneza vibaya, akasema Bawaba.

Vidoti alicheka mpaka machozi, kisha akakumbuka saa.

— Wakiniuliza kwa nini tunaanzia kulia, nijibu nini?

— Waambie asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Koma.

— Kwenye usaili, mzee?

Hapo akatokea mama mmoja mwenye furushi kichwani.

— Hamjambo? Naomba mnielekeze nyumba ya dada wa mke wa fundi wa redio.

— Fundi wa redio ni mimi, akasema Antena.

— Mkewe yuko ndani anapiga pasi, akasema Bawaba.

— Na dada zake, Koma akahesabu kwa vidole, ni wanne, kila mmoja na nyumba yake.

Vidoti akainuka ghafla, benchi likayumba.

— Mmeanza na nani?

— Na fundi, bila shaka, akasema Bawaba.

— Fundi katajwa mwisho! Kisha mke, kisha dada, kisha nyumba. Nani kawafundisha kuanzia kulia? Kubwa ya wastani wa kila kituo! Kiduara ni hiyo «ya» yenu, na vidoti ni hiyo «kila»!

— Ala! Antena akashika kichwa. Kumbe miaka yote nimeoa programu!

Vidoti akamkumbatia mjomba wake, akakwapua kipande cha ubao, akatimua mbio kuelekea ofisini huku akirudia «ya» na «kila» kwa sauti. Nyuma yake akamsikia yule mama akiwauliza:

— Huyo anayekimbia ndiye anayeijua nyumba? Nimfuate?