Basil Haroub Himid na Kaseti ya Kuta Mbovu

Wasifu huu umeandikwa na dada yake, Bi Ruqaya Haroub, usomwe kwenye hitima, Jumamosi, tarehe 5 Julai 2025. Msomaji anaombwa asiruke mstari.

Sote ni wa Mola, na kwake ndiyo marejeo. Marehemu Basil Haroub Himid alizaliwa Malindi, Mjini Unguja, tarehe 3 Machi 1969, mtoto wa pili wa Mzee Haroub Himid, fundi saa, na Bi Ibtisam. Alikuwa mtoto mpole, mpenda kushika kila kitu chenye kutoa sauti. Kwenye harusi moja ya jirani alijipenyeza chini ya meza ya fundi wa vipaza sauti, akaweka kiganja juu ya spika, akakaa humo mpaka biriani likaisha. Mama alipomuuliza kama hana njaa, alijibu, "Nshashiba."

Alisoma chuo cha Kurani hapo hapo Malindi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986, kisha akenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa redio. Huko ndiko alikokutana na Jaku Makame wa Mkokotoni. Waliporudi wakawa chanda na pete, na mwaka 1996 wakaanzisha bendi ya roki waliyoiita Kuta Mbovu. Haikuwa taarabu, wala muziki wa kuwaburudisha wageni hotelini. Yalikuwa magitaa ya kukwaruza na maneno ya Kiswahili kuhusu nyumba za Mji Mkongwe zinazowaangukia wenyewe. Basil alipiga gitaa la besi vibaya, kwa kukiri mwenyewe, basi akaliweka chini akashika mitambo.

Tarehe 11 Disemba 1998 alimuoa Bi Salhiya Usi, wakajaaliwa Himid na Mayasa. Ilikuwa ndoa ya watu wawili wenye kuchekeshana, na hilo si dogo.

Mwaka 2001 aliajiriwa Redio Mrashi kuwa fundi mitambo, chini ya meneja Haitham Saleh. Jumamosi, tarehe 7 Agosti 2004, saa kumi za alasiri, Kuta Mbovu walipiga moja kwa moja hewani. Dakika ya thelathini na moja sauti ikakatika, na mtangazaji akasema ni hitilafu ya mitambo. Haitham akawaambia wanabendi kwamba Basil ndiye aliyekata, kwa uhasidi wa kuwa si mpigaji tena, na kwamba kaseti ya kipindi ameifuta. Basil akafukuzwa kazi. Alikana, akaapa, lakini Jaku hakutaka kumsikiliza. Tangu siku hiyo kila Basil alipomtolea salamu njiani, Jaku alipita kimya. Karibu miaka ishirini na moja Muislamu anamsalimu mwenzake, na mwenzake anaimeza salamu. Lilitutia kinyaa wakati ule na linatutia kinyaa hadi leo.

Basil alifungua karakana Mwanakwerekwe, akawa anatengeneza vipaza sauti vya misikiti. Wapo waliomletea kazi huku wakimsengenya kwamba ni mtu wa kufuta vya wenzake. Alivitengeneza, na vililia vizuri.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa, ikawa lazima asafishwe damu mara tatu kwa wiki. Mwezi wa Mei mwaka huu Haitham alikuja kumtazama. Alikuwa anakwenda Hija, na kama ilivyo ada alikuwa akipita kwa watu kuomba radhi.

"Ndugu yangu Basil, nnakwenda Makka. Unisamehe nilipokukosea."

Wengi wetu hujibu nshakusamehe, yakaisha. Basil alimuuliza, "Wapi?"

"Popote."

"Popote sipajui. Pataje."

Haitham aliinuka akaaga. Kesho yake alirudi na kaseti ya kipindi kile ndani ya kasha lililoandikwa Juzuu Amma. Alikuwa ameificha humo ili asitokee mtu nyumbani kwake akarekodi juu yake, maana nani atafuta Kurani? Basil alipoliona kasha alisema, "Hata Kitabu cha Mungu umekifanya pazia la uongo wako. Kaseti nimeipokea. Radhi, ngoja."

Tuliisikiliza sote. Bendi imo nzima, dakika thelathini na nane. Saba za mwisho walipiga bila kujua kwamba hawamo hewani. Na kwa sababu maikrofoni ya chumba cha mitambo ilikuwa wazi, zinasikika sauti mbili kwa chini. Ya Haitham: "Zima. Wenye matangazo wamepiga simu, hawautaki uhuni huu. Tutasema mitambo." Ya Basil: "Mitambo mizima, mkubwa. Mimi sizimi." Kisha kinasikika kitufe kikibonyezwa.

Tarehe 28 Juni Himid alimpigia Jaku simu, akamwekea kaseti. Siku ya pili yake Jaku alifika hospitali alikolazwa Basil, akasimama mlangoni, akatoa salamu yeye kwanza. Basil aliitikia, kwa sababu kuitikia ni wajibu. Halafu akamwambia, "Ulitaka kaseti ndiyo unijue?" Akageukia ukutani. Jaku alikaa pale mpaka alasiri.

Basil alifariki Jumatano, tarehe 2 Julai, saa moja ya asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe, akazikwa siku ile ile baada ya sala ya adhuhuri. Ameacha mjane, Bi Salhiya. Watoto wawili, Himid na Mayasa. Na dada mmoja.

Ada yetu ni kwamba mwisho wa maneno haya jamaa humuombea marehemu radhi kwa watu aliowakosea, na wao husamehe kwa niaba yake wote waliomkosea. Bi Salhiya amekataa. Alhaji Haitham yupo hapa, jamvi la mbele, na kofia yake mpya, na Jaku yuko nyuma yake. Mjane amesema tumuombee mumewe dua tu, na kwamba mlango wake uko wazi kwa anayetaka radhi, mradi aje na kosa lake mdomoni.

Mola amlaze Basil pahala pema. Wanaosema amin, waiseme kwa sauti.