Makala Aliyoifuta Dk. Raafat Hilali

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutufariji, familia imeniomba mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya marehemu Dk. Raafat Abduljawad Hilali, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji kilicho jirani na mji wa Asyut, Misri, mtoto wa tatu wa Mzee Abduljawad, muuza mbegu, na Bi. Sakina.

Alisoma shule ya msingi kijijini, sekondari mjini Asyut hadi mwaka 1979, akapata shahada ya kilimo mwaka 1983 na ya uzamivu mwaka 1994, akabobea katika fukusi wa mitende, mdudu anayeula mti kwa ndani huku nje ukionekana mzima, akafundisha chuo kikuu hapa Asyut hadi alipougua. Tarehe 6 Septemba 1990 alimwoa dada yangu Ibtihal, wakajaliwa watoto wawili, Hind na Yusri.

Mwaka 2006 alitoa makala kuhusu dawa ya fukusi hao, ambayo wanasayansi waliitaja katika maandishi yao zaidi kuliko kitu kingine chochote alichoandika, na kwa kuwa chuoni mtu hupimwa kwa wingi wa makala zake na mara anazotajwa, sote tulijua uprofesa wake ulikuwa humo. Mwaka 2009 mkulima wa mitende wa Kharga, kule jangwani, Hajj Sanusi, alimpigia simu akamwambia, “Daktari, tulichanganya kama ulivyoandika, sasa njoo uone machipukizi yanavyoungua,” naye akapanda basi siku hiyo hiyo, akakuta shamba zima limenyauka, akarudia majaribio, akagundua kwamba kipimo alichoandika kilikuwa kikali mno, akaliomba jarida lililoichapisha liiondoe makala ile.

Mkuu wa kitivo, Dk. Mamduh Tulba, ambaye jina lake limebandikwa kwenye kazi za maabara ambayo hajui hata mlango wake, alimwita ofisini akamwambia, “Raafat, bwana mkubwa, umerogwa? Nani anasoma? Watu wanahesabu tu!” Marehemu akamjibu, “Hajj Sanusi alisoma,” akatoka, na makala ikaondolewa. Mwaka 2010 alinyimwa uprofesa, na mwaka 2015 tena, huku wenzake waliokata jaribio moja vipande vitano kama keki ya basbusa, kisha wakatajana wao kwa wao, wakipanda vyeo. Dada yangu alimtania, “Uprofesa umeukataa mwenyewe, haya, osha sahani,” naye akaosha akicheka.

Kilichomwondolea kicheko, na kinachotukera hadi leo, ni kwamba makala ile iliyofutwa iliendelea kutajwa, kwa sababu watu hunakili marejeo ya wenzao bila kufungua chochote, na aliwaandikia barua mmoja mmoja kuwasihi waache, wengi wao wasijibu.

Mwaka 2022 alianza kuugua ini, na Septemba 2024, marehemu akiwa amelazwa hospitalini, Dk. Mamduh alifika na mpiga picha na cheti cha mwanasayansi anayetajwa zaidi kitivoni, makala ile ile ikiwa imerudishwa kwenye hesabu ili chuo kipande daraja katika orodha ya vyuo, na mgonjwa, ambaye hakuwa na nguvu ya kukirudisha cheti, aligeukia ukutani. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, akazikwa siku hiyo baada ya swala ya alasiri. Idadi hiyo hiyo ya mara alizotajwa kitivo kimeitundika leo kwenye bango katika hema hili la maombolezo, na Hind ameliteremsha kabla hamjaketi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia siku zote hizi, Hajj Sanusi aliyesafiri kutoka Kharga, na walimu wa chuoni waliokuja kwa ajili ya Raafat, ambao tunawaomba jambo moja tu, kwamba anayetaka kumkumbuka asiitaje makala ile.

Pumzika kwa amani, Raafat, barua zilizobaki Hind ameshaanza kuziandika.