Kipua Ana Pua Mpya

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la kutengeneza redio. Upande wake mmoja umelainika hadi unang'aa, kwa sababu ndiko jua linakochelewa kufika na kila mtu hugombea kukaa huko. Mwenye duka tunamwita Mawimbi, kwa kuwa hakuna kituo ambacho hawezi kukitafuta hata kwenye redio iliyolowa. Kushoto hukaa Hakimu, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hajawahi kuuacha ubishi upite bila kuutolea hukumu. Katikati hukaa Spika. Huyu aliita abiria stendi kwa miaka mingi, na mpaka leo hajui kunong'ona. Mwisho kabisa hukaa Mnene, mwembamba kama waya wa antena. Jina alilipata ujanani, mwili ukaondoka, jina likabaki. Mimi hukaa palipobaki. Birika la kahawa huwa chini, katikati ya miguu yetu, na anayelipiga teke hunyamazishwa kwa muda. Asubuhi hiyo Mawimbi alitoka dukani bila chuma chake cha kulehemu. Alishika simu, na alikuwa akiitazama kama redio ambayo hajui imekufia wapi.

Spika: Mawimbi, hiyo simu utaiangalia mpaka itoboke. Imeharibika?

Mawimbi: Simu nzima. Mimi ndiye sijui pa kuanzia.

Mnene: Kuanzia nini?

Mawimbi: Kumjibu binti yangu.

Wote tukamgeukia. Binti yake ni mmoja tu, anafanya kazi mji wa mbali. Mwanzoni mwa mwaka alifanyiwa upasuaji wa kubadilisha pua. Hakuwa mgonjwa; alitaka tu pua nyingine. Baba yake hakuambiwa mpaka mambo yalipokwisha, na aliambiwa na dada yake, shangazi wa binti. Tangu hapo baba na mwana walikuwa wakisalimiana kwa kupitia kwa shangazi, kama nchi mbili zilizofunga balozi. Sasa binti alikuwa ameleta picha, na chini ya picha maneno. Mawimbi alitusomea kwa sauti ya chini.

"Baba, shikamoo. Hii ndiyo mimi sasa. Bado imevimba kidogo, daktari anasema ncha ndiyo huchelewa kutulia, inaweza kuchukua hata mwaka. Niambie neno lolote. Hata ukinigombeza sawa. Ukimya wako ndio unaoniuma."

Hakimu: Sasa shida iko wapi? Mgombeze.

Mawimbi: Kila ujumbe niliowahi kumwandikia unaanza na Kipua. Tangu alipojua kusoma. Kipua, umekula? Kipua, umefika? Leo nikiandika Kipua, ataona namsuta. Nisipoandika, atajua nimemkana. Toka jana nimeandika na kufuta mpaka kidole kinaniuma.

Mnene akajimiminia kahawa. Hakimu akajiweka sawa, akakunja mikono, tukajua hukumu inakuja.

Hakimu: Jina hilo limekufa. Duka likibadilisha biashara, kibao kinashushwa. Huwezi kuuza viatu chini ya kibao cha mchele.

Mnene: Hakimu, kwa sheria hiyo mimi mtaniita nani?

Hakimu: Wewe ni jambo jingine. Wewe tunakuita hivyo kwa heshima ya marehemu tumbo lako.

Tukacheka, hata Mawimbi kidogo. Simu ikaanza kuzunguka benchini. Kila mmoja aliifuta mikono yake kwanza kwenye suruali, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Spika: Imenyooka, bwana! Kama reli!

Mnene: Macho yale yale lakini. Na hiyo kona ya mdomo, kama anataka kukucheka halafu anakustahi.

Hakimu: Nzuri ni nzuri. Lakini mimi nimewahi kumnyoa mtu aliyefanyiwa hivyo. Ncha haina hisia. Nzi anatua, anakaa, anaondoka, mwenye pua hana habari.

Mawimbi: Shangazi yake alisema hivyo. Ncha imekufa ganzi, kama mdomo ukishang'olewa jino. Ila hurudi polepole, kidogo kidogo. Na amekatazwa jua kali. Amekatazwa na miwani kukaa pale juu mpaka mfupa ushike. Yule naye bila miwani hatofautishi mlango na dirisha.

Mnene: Kwa hiyo anaonaje?

Mawimbi: Eti anaibandika kwenye paji la uso kwa utepe.

Spika: Ona sasa! Mimi nasema wazi: hii raha itakuja kumtokea puani.

Mnene: Itatokaje, na daktari alimkataza hata kupenga kamasi?

Hakimu: Alimkataza wiki za mwanzo tu. Sasa inaweza kutoka.

Spika: Hakimu, upande gani uko?

Hakimu: Wa ukweli. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pua mpya ni mgeni. Imekaa miezi sasa inalelewa, inawekewa mito, inafichwa jua. Ipewe jembe. Ianze kunusa!

Mnene: Methali hiyo ni ya wageni wa shamba.

Hakimu: Na pua imeingia kwa mlango gani kama si kwa ugeni?

Spika alikuwa ameanza kuinuka, dalili kwamba ana jambo kubwa. Akiwa amekaa sauti yake hufika njia panda. Akisimama, hufika sokoni.

Spika: Nyinyi hamjui pua. Pua ina kumbukumbu! Mti ulionyooshwa kwa kamba, ukifungua kamba unafanya nini? Unarudi ulikopinda. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mpeni miaka kadhaa, mtaona. Pua itarudi kwao.

Mawimbi: Inarudi?

Aliuliza upesi mno, na kwa sauti ambayo hatukuizoea. Spika akakaa.

Hakimu: Hairudi, Mawimbi. Usimsikilize. Zinalegea kidogo uzeeni kama hizi zetu, basi. Wengine hata hurudi kwa daktari baada ya mwaka kurekebishiwa. Lakini ile ya zamani haijakaa mahali inasubiri.

Mawimbi akaichukua simu yake. Hakuiangalia. Aliangalia mlango wa duka lake.

Mawimbi: Unajua jina lilivyokuja? Alipozaliwa, mkunga alifunua kitambaa, na kitu cha kwanza nilichokiona ni pua ya mama yake. Ile ile. Pana, imetulia, kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Nikasema, haya, huyu mdogo, basi ni Kipua. Mke wangu alicheka mpaka mkunga akamkataza.

Mnene: Nakumbuka kicheko kile.

Mawimbi: Walikuwa wakiniletea chakula cha mchana. Nikiwa nalehemu, moshi umejaa humo ndani, wanasimama pale pale mlangoni, mkubwa na mdogo, wanakunja pua kwa pamoja. Hawasemi kitu. Wananikunjia pua tu mpaka nizime. Wateja walikuwa wakicheka.

Hakimu: Mimi shemeji alinitengenezea mapazia ya duka. Hakukubali nimlipe. Alisema, mteja akinyolewa hadharani hurudi nyumbani na aibu kichwani.

Hata Spika alishusha sauti, au alijaribu.

Spika: Aliwahi kuniambia nikae kimya. Mtu pekee ambaye nilimtii.

Mnene: Mimi nilipoanza kukonda alikuwa ananiletea sahani yangu peke yangu. Anasema, "Kula shemeji, usilidhalilishe jina."

Birika lilikuwa limepoa, lakini tulikunywa vivyo hivyo.

Mawimbi: Tangu mama yake alipofariki, nilikuwa nikitaka kumwona, namwangalia mtoto akiwa amelala kwa ubavu. Nazima taa ya chumba, nawasha ya ukumbini. Picha za mama yake ninazo, lakini picha haivuti pumzi. Sasa nimeitazama hii toka jana. Binti yangu nimemwona. Yule mwingine nimemkosa.

Hapo ningependa kusema kwamba tulinyamaza kwa adabu. Lakini kijiwe hakijui kunyamaza kwa muda mrefu, na Spika huogopa huzuni kama paka anavyoogopa maji.

Spika: Hasara haijaisha. Pua ikibadilika, sauti inabadilika. Sauti ikibadilika, kicheko kinabadilika. Kicheko kikibadilika, mtu anapata marafiki wengine. Marafiki wengine, lugha nyingine! Atarudi hapa tutafute mkalimani!

Mnene: Kwa ajili ya pua?

Spika: Na watoto je? Atazaa mtoto mwenye pua ya bibi yake, maana daktari alikata pua, hakukata mbegu. Atafunua kitambaa, atamtazama mtoto, atamuuliza: wewe wa nani?

Hakuna aliyecheka. Mawimbi aliinamisha kichwa, na Hakimu akampiga Spika kiatu kwa chini. Kwa bahati mbaya akalipiga na birika.

Hakimu: Tumalize hili. Tumsaidie mwenzetu aandike. Mawimbi, andika: "Binti, nimepokea picha yako na nimeizingatia."

Mnene: Hiyo ni barua ya kufukuzwa kazi.

Spika: Andika: "Pua imefika salama. Huku sote hatujambo."

Mnene: Andika Kipua wa Pili.

Mawimbi: Nilijaribu "mwanangu." Nikaona mwanangu hata wateja nawaita hivyo. Nikajaribu jina lake la shuleni. Likawa kama namwita mtoto wa watu.

Tulikuwa tumefika hapo, kila mmoja na neno lake la kwanza, tulipoona kivuli mbele yetu. Alikuwa mama kijana ambaye hatukuwahi kumwona. Mgongoni alibeba mtoto aliyelala, mkononi redio ndogo ndani ya mfuko wa plastiki. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

— Shikamooni wazee wangu. Fundi ni nani?

— Marahaba. Ni huyo mwenye simu, akasema Mnene, akasogea ili apate kukaa. Redio ina nini?

— Inakoroma. Na huyu bila redio halali. Ana mafua, usiku kucha tumekesha.

Kweli, kila mtoto alipovuta hewa, tulisikia kifilimbi chembamba puani mwake. Mama huyo kila mara alikuwa akigeuza shingo kidogo kusikiliza, bila hata kujua kwamba anafanya hivyo. Mawimbi aliipokea redio, akaiweka mapajani, lakini mkono wake mwingine bado uliishika simu.

Spika, ambaye hana siri, tayari alikuwa amekwisha kumweleza yote: upasuaji, shangazi, ganzi, jina, na ile nadharia ya mti na kamba. Akamwonyesha na picha, simu ikiwa mkononi mwa Mawimbi. Mama kijana aliitazama kwa makini.

— Mzuri, akasema. Anapumua vizuri?

Hakimu: Nani?

— Huyu dada. Kwa pua hiyo. Anapumua vizuri?

Hakimu alimtazama Spika. Spika alimtazama Mnene. Mnene alikitazama kikombe chake. Tulikuwa tumejua habari za nzi, za reli, za miwani na paji la uso, za wajukuu ambao hawajazaliwa. Hilo hakuna aliyekuwa nalo.

Mnene: Hatujauliza.

Hakimu: Shangazi hakusema, Mawimbi?

Mawimbi alimtazama yule mama na mtoto mgongoni mwake. Kisha akaiweka redio chini polepole, akabonyeza simu na kuipeleka sikioni. Simu ya fundi redio haina faragha; spika yake aliibadilisha mwenyewe, na sote tulisikia ikiita. Iliita kwa muda mrefu. Kisha sauti ya binti ikatoka, ya woga, ile ile ya siku zote.

— Baba?

— Unapumua vizuri?

— Nini, baba?

— Nakuuliza, unapumua vizuri? Usiku, ukilala.

Tukasikia mlango ukifungwa upande wa pili, kama mtu aliyewakimbia wenzake ili awe peke yake.

— Upande wa kushoto huziba asubuhi. Nasafisha kwa maji ya chumvi, kunapungua. Bado nalalia mito ili kichwa kiwe juu. Daktari anataka kuniona tena, aangalie huo upande. Niliogopa kukuambia. Nilijua utasema nilijitakia.

— Utakwenda lini?

— Wiki ijayo.

— Na nani?

— Peke yangu.

— Nitakuja. Tutakwenda wote.

— Baba, hujanigombeza.

— Nitakugombeza nikifika. Hebu vuta nikusikie.

— Nivute nini?

— Pumzi. Kwa pua. Niko hapa, nasikiliza.

Spika alishika mdomo wake kwa mikono miwili. Kisha tukaisikia simuni: pumzi ndefu, iliyopanda taratibu, yenye mkwaruzo kidogo upande mmoja, ikasimama, ikashuka. Mawimbi alikuwa amefumba macho, shingo ameilaza upande wa simu, vile anavyofanya akitafuta kituo cha mbali.

— Umesikia, baba?

— Hebu tena, akasema.