Sista Prudencia, Muuguzi Aliyesimamisha Pambano

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Sista Prudencia Rugambwa anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika zahanati ya kiwanda chetu. Alipoajiriwa mwaka 1993, zahanati hiyo ilikuwa kona ya stoo yenye kitanda kimoja na pazia. Leo ina vyumba vitatu na maabara ndogo. Kwenye kiwanda cha minofu ya sangara kisu humponyoka hata mzoefu, na ni wachache kati yetu ambao hawajawahi kushonwa kidole na Sista.

Alizaliwa Kamachumu mkoani Kagera, akasomea uuguzi, kisha akavuka ziwa kwa meli kuja kuanza kazi Mwanza. Ni mpole, lakini hadanganyiki. Wazee wa idara ya uchunaji hawajamsahau mwenzao aliyekuwa akiumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Jumatatu ya nne Sista alimpa glasi ya maji na fagio, akamwambia afagie zahanati mpaka tumbo litulie. Lilitulia, na Jumatatu iliyofuata halikuuma tena.

Mjini, hata hivyo, anajulikana kwa jambo jingine, na wasifu huu ungekuwa nusu tukiliruka.

Miaka ya nyuma kiwanda kilikuwa na timu ya ngumi. Nyota wake alikuwa Machibya, mchuna minofu kutoka Igoma, mtu wa kucheka kwa sauti. Mapromota wa Mwanza walikuwa hawapati daktari wa kukaa ulingoni siku za Jumamosi, hivyo Sista alijitolea kukaa yeye.

Novemba 2008, kwenye ukumbi mmoja wa Nyamagana, Machibya alipigwa juu ya sikio katika raundi ya sita. Kengele ilipolia alirudi kwenye kona yake akaketi. Sista alipanda ulingoni, akammulika macho kwa tochi.

"Machibya, uko wapi hapa?"

"Niko Mwanza, Sista. Niko nyumbani."

Walioketi karibu walicheka. Jibu lilikuwa sahihi na macho yalikuwa sawa, kwa hiyo Sista akamwambia mwamuzi kwamba bondia anaweza kuendelea. Katika raundi ya nane Machibya alianguka bila kuguswa na mtu. Nje hapakuwa na gari la wagonjwa. Alipelekwa hospitali na gari la mizigo la mmoja wa watazamaji, na Jumatatu akafariki.

Hakuna aliyemlaumu Sista. Waliochunguza kifo kile walisema alifuata utaratibu wote. Aliwahi kuniambia kwamba hilo ndilo lililomwacha peke yake zaidi.

"Wangenilaumu, Josephat, ningekuwa na mtu wa kumjibu."

Baada ya mazishi hakuukimbia ulingo. Alikwenda kwenye kamati ya ngumi ya mkoa mara kwa mara mpaka ikakubali mambo aliyoyataka. Pambano lisifanyike bila gari la wagonjwa mlangoni. Bondia aliyeangushwa apumzike miezi mitatu. Na mhudumu wa afya awe na uwezo wa kulisimamisha pambano bila kubishiwa. Mapromota walilalamikia gharama, wengine wakahamishia mapambano yao miji ambayo haikuwa na masharti hayo. Ukumbi ule ukabaki wa harusi, na chumba cha mazoezi cha Igoma kikageuka duka la mabati na saruji. Vijiweni watu walianza kusema kwamba kuna nesi mmoja ameua ngumi za Mwanza.

Mwaka 2011 lilifika pambano la kugombea mkanda wa ubingwa wa mkoa, na aliyetegemewa kuutwaa alikuwa Mhoja, fundi wetu wa mitambo ya barafu. Aliongoza kwa pointi raundi saba mfululizo. Baada ya raundi ya nane alirudi kwenye kona, akawa anapapasa kwa mkono kukitafuta kiti kilichokuwa mbele yake. Sista alipanda, akamtazama, kisha akamgeukia mwamuzi na kupishanisha mikono yake hewani, ishara kwamba pambano limekwisha.

"Sista, mimi ndiye ninayeongoza," Mhoja alisema. "Niulize chochote. Niulize niko wapi."

"Sikuulizi kitu, Mhoja. Vua glavu."

Chupa za maji zilirushwa ulingoni. Mkanda ukaenda kwa mpinzani wake, na Mhoja hakupata tena nafasi ya kuugombea.

Tangu siku hiyo Mhoja hakumsalimia. Kila asubuhi alipita chini ya dirisha la zahanati akitazama mbele. Alipoungua mkono na bomba la mvuke, alipanda bodaboda kwenda kutibiwa Nyamagana, ingawa zahanati ilikuwa hatua chache tu kutoka alipoungulia. Kantini nako, wapenzi wa ngumi walinyamaza kila Sista alipokaribia na sahani yake. Hakugombana na mtu. Alianza tu kulia chakula zahanati, mlango ukiwa wazi, redio ikizungumza kwa sauti ya chini. Jioni alipanda gari kwenda Buhongwa, kwenye nyumba yake anayoishi peke yake.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asimfuate Mhoja wakayamaliza.

"Nitamwambia nini?" alisema. "Machibya ana kaburi, kila mtu analiona. Ushahidi wangu kwa Mhoja ni kwamba anatembea. Sasa huo utamwonyeshaje mtu?"

Wiki iliyopita nilikuwa zahanati kupima presha. Nilikuwa nimekunja mkono wa shati tayari, mara Mhoja akaingia akiwa ameshika kofia mkononi. Nywele zake zimeanza kuingia mvi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Mhoja. Kaa."

Alikaa, akaiweka kofia gotini.

"Nimesikia unaondoka."

"Mwisho wa mwezi."

"Mimi bado naamini ningeshinda."

"Huenda ungeshinda," Sista alisema.

"Nilitaka ulijue hilo."

"Nimelijua. Kichwa hakikuumi siku hizi?"

"Hakiumi."

Sista alimmiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akajimiminia na yeye. Waliongea kuhusu mtambo wa barafu unaosumbua, na kuhusu binti wa Mhoja anayesoma Musoma. Hakuna aliyeomba msamaha, wala aliyetoa shukrani. Mhoja alipomaliza chai yake alisimama, akaaga, akaenda zake. Sista aliosha vikombe vyote viwili, kisha akasimama dirishani akitazama ziwa. Alisahau kabisa kwamba nipo. Nilishusha mkono wa shati nikatoka polepole, na presha yangu haijapimwa mpaka leo.

Sista Prudencia habebi mizigo kurudi Kamachumu. Anasema waliokuwa wakimngoja huko wameshatangulia, na Buhongwa ameizoea. Ana migomba nyuma ya nyumba, na Jumapili anaimba kwaya ya kanisani.

Sista, tunakushukuru kwa vidole vyetu, kwa usiku wa homa za watoto wetu, na kwa ukali uliotuudhi. Wako mabondia katika mji huu wanaolea wajukuu leo bila kujua kwamba ni kwa sababu uliwahi kuwatazama machoni na kusema basi. Pumziko lako liwe refu na lenye afya. Na kwa kuwa tulikuacha ule peke yako kwa miaka mingi, Jumamosi ya kwanza ya Julai tunakuja Buhongwa na vyakula vyetu. Mhoja amesema atakuja.

Josephat Otuoma
Idara ya Ufungashaji